Karanga za Kongwa: kila kitu kilikuwepo isipokuwa menejimenti

Lengo la mwaka 1947 la Mpango wa Karanga, mradi wa Serikali ya Uingereza huko Kongwa, Tanganyika, lilikuwa kufyeka na kulima ekari 150,000 za pori la Ugogo. Mwaka ulipokwisha, ekari zilizokuwa tayari kwa karanga zilikuwa takriban 7,500, yaani tano katika kila mia zilizoahidiwa. Mradi haukusimamishwa. Uliendelea mpaka Januari 1951, Serikali ya Uingereza ilipotangaza kuuvunja na kufuta kwenye vitabu vyake hasara ya zaidi ya pauni milioni 36.

Mpango wa Karanga husimuliwa sana kama kisa cha kilimo kilichokosewa, au kama kisa cha ukoloni na kiburi chake. Masimulizi yote mawili yana ukweli. Hapa tunauchambua kwa upande wa tatu, kwa sababu ni nadra kupata kisa kinachoonyesha menejimenti peke yake, ikiwa imetengwa na mambo mengine yote. Taasisi nyingi zikianguka, wa kulaumiwa wa kwanza ni ukosefu wa fedha. Kongwa fedha zilikuwepo. Mitambo ilinunuliwa kwa mamia. Watu waliajiriwa kwa maelfu, wakiwemo askari waliotoka vitani wakiwa na ari ya kujenga badala ya kubomoa. Mpango ulikuwepo kwa maandishi, na serikali iliyouagiza ilikuwa imeweka heshima yake rehani juu yake. Ukiondoa vyote hivyo kwenye orodha ya visababishi, kinachobaki ndicho tunachokitafuta.

Neno na kazi yake

Katika Kiswahili cha kazini maneno manne huingiliana: uongozi, utawala, usimamizi na menejimenti. Ofisini, "menejimenti" mara nyingi ni watu: menejimenti imekataa, menejimenti inakutana Jumatatu. Matumizi hayo yana kosa ndani yake, kwani humfanya mtu aamini kwamba akishakuwa na cheo na kiti kwenye kikao, basi menejimenti ipo. Neno "usimamizi" lina busara zaidi. Limetoka kwenye kusimama: msimamizi ni yule anayesimama palipo na kazi, anaiona inavyokwenda, na ana uwezo wa kuigeuza. Tutatumia maneno haya mawili kwa maana moja, ya kazi inayofanywa, wala si kundi la wakubwa.

Kazi hiyo ilielezwa vizuri mwaka 1916 na Henri Fayol, mhandisi Mfaransa aliyeendesha kampuni ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Aliigawa sehemu tano: kuona mbele na kupanga, kuunda taasisi, kuamuru, kuratibu, na kudhibiti. Wanafunzi hukariri sehemu hizi kama orodha, wakazijibu kwenye mtihani kwa mpangilio huohuo, na hapo ndipo maana hupotea. Zilivyo hasa ni gurudumu. Kudhibiti, yaani kulinganisha kilichofanyika na kilichopangwa, kusiporudi kubadilisha mpango, kunabaki kuwa utunzaji wa kumbukumbu tu. Na kupanga kusikopokea habari kutoka kazini ni kubahatisha kwa lugha ya kitaalamu.

Kongwa kulikuwa na kupanga kwingi na kuamuru kwingi. Kuratibu kulikuwa dhaifu. Kurudisha habari kwenye uamuzi hakukuwepo kabisa kwa miaka miwili ya kwanza, na miaka miwili ilitosha.

Namba zilikotoka

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi na mafuta ya kupikia vilitolewa kwa mgao. Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipita Tanganyika na kuona nafasi ya kulima karanga kwa mashine katika mapori yaliyo wazi. Serikali ikapeleka ujumbe wa watu watatu: John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na David Martin na John Rosa. Walizunguka kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa kwenye ndege, na Septemba 1946 ripoti ikawa tayari.

Ripoti ilipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na 10 Kenya. Jumla yake ni ekari 3,210,000, zikamilike kwa miaka sita kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Kabla ya mwisho wa 1946 wizara ya chakula, chini ya John Strachey, ilikuwa imeshakubali.

Ukizigawa namba hizo kwa siku, sura yake inabadilika. Mwaka una takriban siku 250 za kazi ya shambani. Miaka sita ni siku 1,500. Ekari 3,210,000 kwa siku 1,500 ni ekari 2,140 kila siku ya kazi, bila kukosa hata moja, kuanzia siku ya kwanza ambapo hata kambi haijajengwa. Hesabu hii haihitaji utaalamu wa kilimo. Inahitaji mtu wa kuifanya, kisha kuuliza swali linalofuata: mtambo mmoja, katika pori hili na si jingine, unasafisha ekari ngapi kwa siku? Jibu halikuwepo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusafisha hata ekari mia za pori la Kongwa kwa mashine. Namba kubwa ilisimama juu ya namba ndogo ambayo haikupimwa.

Kosa la aina hii ni la kawaida mno kwenye mipango mikakati ya taasisi zetu hadi leo. Lengo la mwaka huandikwa kwa uangalifu, lengo la siku haliandikwi, na hivyo hakuna siku ambayo mtu analazimika kusema: leo tumechelewa.

Mwaka 1947 kwa karibu

Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa Februari 1947. Vikwazo vilivyokikuta vinafaa kuangaliwa kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja kilikuwa kinajulikana au kingeweza kujulikana kwa gharama ndogo.

Kwanza, njia ya mizigo. Kila kitu kilipitia bandari ya Dar es Salaam, kisha kwenye reli ya kati yenye njia moja ya upana wa mita moja, hadi kituo cha Msagali, halafu barabara ya vumbi. Bandari haikuwa na uwezo wa kupokea mitambo mizito kwa wingi ule. Mafuriko ya mto Kinyasungwe yaliikata reli, na mizigo ikalundikana. Katika mnyororo wa usafirishaji uwezo wa njia nzima ni uwezo wa sehemu yake finyu kuliko zote, na fedha za kununulia matrekta zaidi London hazikupanua hata sentimita moja ya sehemu hiyo.

Pili, mitambo yenyewe. Baada ya vita viwanda vilikuwa na foleni ndefu za wateja, hivyo matrekta na makatapila mengi yalinunuliwa kutoka kwenye mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino yalikokuwa yamekaa kwenye mvua na chumvi. Vifaru vya Sherman pia viligeuzwa kuwa matrekta. Mtambo uliotumika vitani si mbaya kwa sababu umetumika. Ubaya wake ni kwamba hauji na historia. Hujui umefanya saa ngapi, kipuri gani kilibadilishwa lini, na kila mtambo una ugonjwa wake. Karakana ya kuhudumia mkusanyiko wa namna hiyo inahitaji mafundi wengi kuliko kawaida, na stoo yenye vipuri vya aina nyingi kuliko kawaida. Kongwa ilifanyika kinyume: mitambo ilitangulia, karakana ikafuata. Madereva wengi walikuwa wamefundishwa kwa muda mfupi, na mtambo wa tani nyingi mikononi mwa mgeni hauvumilii. Kabla ya 1947 kwisha, takriban theluthi mbili za matrekta zilikuwa hazifanyi kazi.

Tuitazame namba hiyo, maana ndiyo inayoonyesha menejimenti inavyokosekana bila mtu yeyote kuonekana mvivu. Chukulia, kwa mfano tu, kituo chenye matrekta 100. Lengo la ekari 150,000 kwa siku 250 ni ekari 600 kwa siku, hivyo kila trekta inadaiwa ekari 6. Zikilala theluthi mbili, yanabaki matrekta 33, na kila moja sasa inadaiwa ekari 18. Dereva anasukumwa kuongeza kasi, anaruka muda wa kupaka grisi na kusafisha chujio la hewa, na katika vumbi la Ugogo chujio lisilosafishwa huua injini kwa muda mfupi. Trekta ya 34 inalala. Shinikizo la kufikia lengo ndilo linalozidi kuliondoa lengo. Msimamizi anayefahamu gurudumu hili hufanya jambo linaloonekana la ajabu kwa wakubwa wake: anasimamisha kazi ya shamba kwa wiki kadhaa, anahamishia mikono yote karakana, kisha anarudi na matrekta machache yanayotembea. Uamuzi huo unahitaji mamlaka ya kupunguza lengo. Kongwa hakuna aliyekuwa nayo.

Tatu, pori. Miti ilianguka upesi: matrekta mawili yakivuta mnyororo mzito katikati yao hulaza vichaka kwa mwendo wa kuridhisha, na mgeni akipelekwa kuona siku hiyo atarudi na furaha. Kazi ngumu ilikuwa chini ya ardhi. Vichaka vya Kongwa vina mizizi mingi, migumu, iliyosukana, na visu vya kung'olea mizizi vilipinda na kukatika. Ripoti inayohesabu ekari zilizoangushwa ingekuwa nzuri. Ripoti inayohesabu ekari zilizong'olewa mizizi ingekuwa mbaya. Kuchagua kipi cha kuhesabu ni kazi ya menejimenti, na ni kazi nyeti kuliko kuhesabu kwenyewe, maana watu hufanya kile kinachohesabiwa.

Nne, udongo. Karanga ni zao la pekee. Ua huchanua juu ya ardhi, likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoinama na kupenya udongoni, na huko chini ndiko ganda hukua. Kwa hiyo udongo unatakiwa uwe tifutifu mara mbili: kikonyo kinapoingia, na mche unapong'olewa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokauka ukawa kama saruji mvua zikikatika, pamoja na chembe za mchanga mkali zinazokula chuma cha plau. Mche ukivutwa kwenye udongo uliokauka hivyo, vikonyo hukatika na karanga hubaki chini.

Kipimo cha mkono kingeonyesha hatari hii. Chukua udongo wa kujaa kiganja, ulowanishe, uukande, kisha uubane kati ya kidole gumba na cha shahada uutoe kama utepe. Utepe ukikatika mara moja, mchanga umezidi. Ukifika sentimita 5 na zaidi bila kukatika, mfinyanzi umezidi. Fanya hivyo sehemu 20 za shamba, kwa kina cha sentimita 10, kisha 20, kisha 30. Halafu rudi baada ya mvua kukatika, uchimbe shimo kwa jembe la mkono mahali palepale. Gharama ya yote haya ni wiki chache za mtu mmoja. Aliyeruka juu ya shamba kwa ndege hawezi kuubana udongo kwa vidole.

Tano, mvua. Ukanda wa Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Wastani huo si mbaya sana kwa karanga, lakini wastani huficha mambo: mvua hukatika katikati ya msimu kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo mazao hufa. Wagogo hawakupanda uwele na mtama na kushikilia ng'ombe kwa kukosa akili ya kupanda kingine. Kilimo chao kilikuwa ripoti ya mvua ya vizazi vingi, iliyoandikwa kwa mazao yanayostahimili ukame. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na ujumbe wa wiki tisa haukukaa na wazee wa Ugogo kiasi cha kuisoma ripoti hiyo. Mwaka 1949 ukame uliupiga mradi, ukazikausha na alizeti zilizojaribiwa badala ya karanga.

Mavuno yakaja hivi: mbegu zilizonunuliwa zilikuwa takriban tani 4,000, karanga zilizovunwa takriban tani 2,000.

Karatasi ambayo haikuandikwa

Tujaribu kuijenga taarifa ambayo ingebadilisha kisa hiki. Haizidi karatasi moja, inatoka kila Jumamosi, na ina safu sita: mitambo iliyopo, mitambo iliyofanya kazi angalau saa 6 kwa siku, ekari zilizoangushwa miti, ekari zilizong'olewa mizizi, ekari zilizolimwa, na siku zilizobaki kabla ya mvua. Chini yake mstari mmoja: kwa kasi ya wiki hii, tutafikia ekari ngapi mvua zikianza?

Tukichukua mwendo wa wastani wa mwaka mzima, ekari 7,500 kwa siku 250, ni ekari 30 kwa siku. Baada ya siku 50 za kazi, karatasi ingeonyesha ekari 1,500 mahali palipotakiwa 30,000. Zilizobaki, ekari 148,500 kwa siku 200, zingehitaji kasi ya ekari 742 kwa siku, karibu mara 25 ya kasi iliyopo. Mtu yeyote akiiona namba hiyo Mei au Juni, haihitaji hekima ya pekee kujua kwamba lengo limekufa. Anaweza kuchagua mambo matatu. Apunguze lengo hadi shamba moja la majaribio la ekari elfu chache. Asimamishe ununuzi wa mitambo hadi karakana iwe tayari. Au ahamishe nguvu kwenda Urambo, upande wa magharibi, au Nachingwea, upande wa kusini, maeneo mengine mawili ya mradi, kwa kiasi kidogo ili kulinganisha udongo. Yote hayo yangegharimu fedheha kidogo bungeni London. Hakuna lililofanyika kwa wakati, na lengo kubwa halikupunguzwa rasmi mpaka 1949, lilipoteremshwa hadi ekari 600,000.

Nani alimjibu nani

Kwa nini karatasi hiyo haikuwepo, au haikufika, au haikusikilizwa? Jibu lipo kwenye muundo.

Mwanzoni United Africa Company iliendesha mradi kwa niaba ya wizara, ikiwa wakala tu, bila mtaji wake kuwa hatarini. Mwaka 1948 ukakabidhiwa kwa shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer aliyetoka kwenye biashara ya magazeti. Bodi ilikaa London. Kongwa akapelekwa Meja Jenerali Desmond Harrison kuwa mkuu wa shughuli, mtu wa nidhamu na bidii, ambaye kabla ya mwaka kwisha aliondoka akiwa mgonjwa. Jeshini lengo hushuka kutoka juu na sifa ya ofisa ni kulitimiza kwa gharama yoyote. Tabia hiyo ni nzuri sana daraja linapotakiwa kujengwa usiku mmoja. Ni hatari pale ambapo lengo lenyewe ni dhana inayopaswa kujaribiwa, maana hapo anayesema "haiwezekani" ndiye mwenye habari ya thamani kuliko wote.

Halafu kuna jambo ambalo kwetu ni kiini cha kisa kizima. Wakefield na Rosa, wawili kati ya watatu walioandika mpango, walikaa kwenye bodi ya shirika lililoutekeleza. Hatuwashuku kwa nia mbaya. Lakini mtu aliyeandika makadirio akiwa ndiye pia anayepokea taarifa za kushindwa kwa makadirio hayo, kila taarifa humfikia kama shutuma. Ataitafutia maelezo: mitambo imechelewa, mvua ya mwaka huu si ya kawaida, tusubiri msimu ujao. Kila maelezo huwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana hukubalika. Wawili hao waliondolewa kwenye bodi Novemba 1949, fedha zikiwa zimeshazama. Kanuni inayotokana na hapa ni ya kiutendaji: aliyeandaa mpango awepo chumbani kujibu maswali, lakini asiwe na kura siku ya kuamua kama uendelee.

Vitabu vya hesabu navyo vilisema lao. Wakaguzi walipopitia hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949, walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vilitunzwa ipasavyo. Shirika lililotumia mamilioni ya pauni halikuweza kusema kwa uhakika kipi kiko wapi. Stoo isiyo na leja inayoaminika humfanya fundi aagize upya kipuri kilichopo mita mia mbili kutoka alipo, na kipuri hicho kikasubiri tena bandarini nyuma ya mitambo mipya.

Watu

Sehemu hii huandikwa haraka kwenye vitabu vya mradi, na ndivyo ilivyochukuliwa hata wakati ule. Maelfu ya wafanyakazi walikusanywa mahali pasipo na maji ya juu ya ardhi wala chakula cha ziada. Mishahara iliingiza fedha kwenye eneo lenye bidhaa chache, bei za vyakula zikapanda, na aliyekuja kwa ajili ya mshahara akakuta haumtoshi. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda na reli, na kabla ya mwaka kwisha Kongwa nayo ikawa imegoma. Kwa mpangaji aliye mbali, "nguvu kazi" ilikuwa mstari wa bajeti. Kwa msimamizi aliyesimama palipo na kazi, bei ya debe la unga Kongwa ni taarifa ya menejimenti sawa na idadi ya matrekta, na ilistahili safu yake kwenye ile karatasi ya Jumamosi.

Reli iliyotangulia mazao

Kosa la Kongwa lilikuwa na ndugu yake Kusini. Kwa ajili ya Nachingwea, ilianza kujengwa bandari mpya ya maji marefu Mtwara pamoja na reli ya kuunganisha, vikiwa na ukubwa unaolingana na mavuno ya kwenye karatasi. Miundombinu ina sifa moja inayoitofautisha na mbegu au mshahara: ikishamwagwa zege, hairudi nyuma. Maamuzi ya aina hiyo hupaswa kuja mwisho, baada ya namba ndogo kuthibitika, na yale yanayoweza kugeuzwa yatangulie. Hapa yote yalitangulia kwa pamoja kwa sababu ratiba ya miaka sita ilitaka hivyo.

Utetezi unaotolewa kwa haki ni kwamba haraka ilikuwa ya lazima: watu walikuwa kwenye mgao. Tunaukubali uzito wake. Lakini wakati huohuo, Kano, kaskazini mwa Nigeria, karanga zilizokwishalimwa na wakulima wadogo zilikuwa zimerundikwa kwa magunia kwa sababu reli haikuwa na vichwa vya treni na mabehewa ya kutosha kuzifikisha pwani. Kama tatizo lilikuwa mafuta ya kula upesi, pauni iliyonunua kichwa cha treni kwa ajili ya Kano ingezaa mafuta kabla ya pauni iliyonunua katapila kwa ajili ya Kongwa. Kulinganisha njia mbili za kufikia lengo moja ndiyo kupanga kwenyewe. Ujumbe wa watu watatu ulipewa swali la kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine Afrika Mashariki, na ukajibu swali uliloulizwa.

Jaribio lenye adabu lingekuwa hivi: ekari 500 Kongwa, 500 Urambo, 500 Nachingwea, misimu miwili, mitambo ya aina moja, karakana ikitangulia, na kila mahali rekodi ya saa za mtambo kwa ekari, lita za dizeli, mvua ya kila siku na kilo zilizovunwa. Hadi 1949 majibu yangekuwa mezani.

Baada ya 1951 maeneo hayo yaliendeshwa kwa kipimo kidogo, na mengine yakaonyesha yalichokuwa yanafaa tangu awali. Urambo iligeuka kuwa nchi ya tumbaku. Kongwa ikawa malisho, na ranchi ya taifa ya ng'ombe ipo hapo hadi leo, kwenye ardhi ambayo Wagogo waliichungia ng'ombe wao kabla katapila la kwanza halijashushwa Msagali. Reli ya Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilibaki, na mzigo wake unaojulikana zaidi sasa ni korosho za wakulima wadogo wa Kusini, zinazofika gunia kwa gunia kupitia vyama vyao vya msingi, kila gunia likiwa limepimwa na kuandikwa kwenye stakabadhi.